Goli Lililonyamazisha Uwanja

Tofa, ndugu yangu,

Shemeji yako amekuja, amekaa kwenye benchi langu, amekunywa chai yangu, na ameondoka. Sasa nina neno na wewe. Ungekuwa hai ningekungoja pale nje ya duka ukitoka shifti ya Thika, nikushike mkono kama askari. Lakini tulikulaza wenyewe pale makaburini, mimi nikiwa ndani ya shimo nakupokea, na hata pale, Mungu anisamehe, nilikuwa nakushuku. Nilikupokea mikononi nikajiuliza: mtu mwepesi hivi, kweli alikuwa straika?

Haya yote unayajua, lakini niache niyapange kwa utaratibu wangu, kama ninavyopanga vipande vya nguo mezani kabla ya kushona. Nikiruka kimoja, suruali itatoka na mguu mmoja. Imeshawahi kutokea, na mwenyewe ulikuwepo, ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Ulipokuja kupanga chumba hapa Gatongora, nyuma ya duka langu, ulisema wewe ni mtu wa rangi katika kiwanda cha nguo Thika, unachovya vitambaa. Hiyo niliiamini, maana kucha zako zilikuwa za bluu. Kisha ukaziona jezi za timu yetu ya soko la Ruiru zimening'inia juu ya cherehani zikisubiri namba, ukasimama. Ukasema kwa kile Kiswahili chako kilichokuwa kinatembea bila magurudumu, ukiniita Bhai, yaani ndugu kwa lugha yenu: "Mimi straika, Ramadhani Bhai. Dhaka. Namba tisa. Watu mingi sana."

Nikakutazama. Kitambi kidogo. Goti lililolia ukipanda ngazi. Mwavuli mkononi na jua linawaka. Nikasema, karibu sana, hata mimi nilikuwa rubani.

Hukucheka. Ukaniuliza kwa heshima kabisa, "Ndege gani, Bhai?"

Nikajua nimepata jirani.

Lakini nilikushuku, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu wewe Tofa ulishukika. Nani hapa aliwahi kusikia mpira wa Bangladesh? Mwaka ule nchi yako ilipotufunga kriketi, na redio ya muuza viatu ikatangaza soko zima likisikia, watu walikuja dukani kukuona kama mtu aliyeiba kombe kwa mkono wake. "Si tulisema! Hawa ni watu wa kriketi!" Wewe ukainua mikono: "Mimi sijui kriketi, Bhai. Kabisa." Mbengali asiyejua kriketi. Hilo nalo nikaliweka kando na mengine.

Na mpira wenyewe hukuugusa. Hilo ndilo lililonikosesha raha zaidi. Siku moja mpira uliponyoka uwanjani ukaja pole pole mpaka miguuni pako, wa kurudisha tu, hata mimi ningerudisha, mimi ambaye shuleni niliwekwa golini kwa sababu nilikuwa mpana. Ukauruka kama mtu aliyeona nyoka. Ukafungua mwavuli. Njoroge wa buchari, namba tisa wetu, akaniambia, "Fundi, huyu mzee hata mpira wenyewe haumjui."

Kisha kulikuwa na lile goli. Ulilisimulia kila tulipokaa na chai. Kona ilitoka kushoto. Ukaruka juu ya watu wote. Ukaupiga kwa paji la uso, hapa, ukajigonga kwa kidole cha bluu. Kipa hakuona. Mpira ukaingia juu, pale kwenye pembe. Basi mimi ni fundi wa jezi, kazi yangu ni rangi, nami nilikusikiliza kwa sikio la rangi. Mara nyingi ulisema mlikuwa mnacheza na watu wa kijani. Lakini siku moja ya mvua, umechoka, ukasema uliwafunga weupe. Nikaacha kukanyaga cherehani. "Tofa, si walikuwa kijani?" Ukasema, "Kijani, ndiyo. Sukari iko?"

Na nilipokuuliza mashabiki walifanya nini, ulisema jambo lile lile kila mara: "Uwanja ulinyamaza, Bhai."

Sasa niambie. Goli gani linanyamazisha uwanja? Hapa Ruiru mtu akifunga hata kwa goti, akina mama wa viazi wanaingia uwanjani na magunia. Nikasema huyu anadanganya, tena hadanganyi vizuri. Mwongo mzuri angejaza kelele.

Hata hivyo tulikufanya kochi. Ni kosa lako mwenyewe. Ulisimama nje ya laini na mwavuli wako ukinong'ona, na kila ulichonong'ona kilitokea. "Yule atateleza." Akateleza. "Huyu anaogopa mguu wa kushoto." Aliogopa. Kochi wetu alipohamia Nakuru, hakuna aliyeuliza nani achukue nafasi yake, watu waligeuka tu wakatazama mwavuli.

Halafu ukaja na ule mtindo wenu wa kuficha.

Wiki ya kuandikisha wachezaji ilikaribia. Ukaja dukani, ukafunga mlango, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mteja wangu yeyote isipokuwa wa kupima suruali. Ukasema Njoroge afichwe. Nikasema, afichwe kwa nani? Ukasema kwenu Dhaka wiki hii straika haonekani barabarani. Klabu inamchukua, inamweka nyumbani kwa mtu, pazia zinashushwa, analishwa, mpaka siku ya kusaini, la sivyo wale wengine wanamteka. "Mimi nilifichwa, Bhai. Miaka mingi nilifichwa." Ulisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayesema alisomeshwa.

Mimi nilisikia neno moja tu: alifichwa. Nikaanza kujiuliza ulifanya nini kwenu.

Lakini ulikuwa kochi. Tukampeleka Njoroge kwa dada yangu, shambani Murera. Dada yangu hajui kumlisha mtu kidogo. Nduma asubuhi, maziwa, githeri ya sufuria nzima. Na sisi, majasusi wakubwa, tukasahau kumwambia mkewe. Mama Ciku alikuta buchari imefungwa na kisu kiko mezani. Kufikia jioni soko lote lilikuwa kwa chifu. Alilia, "Wamemuua baba Ciku! Ngai, na alikuwa hata hana maneno na mtu!" Mimi na wewe tulikuwa tumesimama pale nyuma, tunatikisa vichwa kwa huzuni, na ukanikanyaga mguu nisicheke. Hilo Mama Ciku hakutusamehe, na kwa haki.

Ajabu ni kwamba timu ya kiwanda chako haikuwa na haja na Njoroge hata kidogo. Kapteni wao alikuwa akimwita yule mkata matumbo wa Ruiru. Lakini waliposikia kwamba amefichwa, wakasimama wima. Mtu hafichwi bure. Wakaanza kumtafuta, hata kazi wakamwekea, ya kupakia marobota. Tukamtoa Murera siku ya kusaini akiwa ameongeza kidevu, akasaini kwetu, na kiwanda kizima kikatuchukia kwa kuwanyima mtu ambaye wiki iliyopita hawakumtaka.

Watu wakaanza kuuliza, kwa sauti ya chini kwanza. Huyu Tofa anakula mshahara wa nani? Wa kiwanda. Anafundisha nani? Soko. Ni nani aliyewaamsha kiwanda wakamwona Njoroge? Mimi nilikuwa nashona, na unajua ninaposhona nasikia kila kitu.

Kisha fainali. Nitaisema haraka maana bado inaniuma meno. Tulicheza Thika, kwenye uwanja wa kiwanda chako. Tulikuwa tunaongoza kwa goli la Njoroge, dakika zimekwisha karibu zote, nimeshaanza kuwaza nitashona beji gani ya ubingwa. Wakapata kona. Upande wa kushoto, Tofa. Yule mrefu wao wa idara ya kusokota nyuzi akapanda mbele, na Njoroge, ambaye peke yake ndiye anayelingana naye kwa urefu, akaanza kukimbia kurudi amkabe.

Uliangusha mwavuli. Sijawahi kukuona ukiangusha mwavuli. Ukapiga kelele iliyotoka mahali nisipopajua: "Njoroge! Hapana! Straika harudi! Straika harudi!"

Akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyeitwa na pande mbili. Yule mrefu akaruka peke yake. Goli. Kisha wakatumalizia kwenye muda wa nyongeza.

Hakuna aliyesema na wewe njia nzima kurudi Ruiru. Mimi nilikaa kando yako, si kwa mapenzi, nilitaka nikuone uso. Nikakuuliza, "Kwa nini, Tofa?" Ukasema, "Straika harudi, Bhai," kwa sauti ya mtu anayeeleza kuwa maji ni maji. Ukatazama nje mpaka tukafika.

Mama Ciku alimaliza kesi asubuhi iliyofuata, juu ya gunia la viazi. "Huyo mtu ametuuza. Aki ya nani, nilimwona kwa macho yangu! Anamkataza baba Ciku kukaba! Nani hukataza mtu kukaba?" Mimi niliyekaa nawe kila jioni nilirudi kwenye cherehani.

Uliendelea kuja dukani. Chai ilikuwa ile ile. Uwanjani hukurudi tena. Halafu presha ya damu ikakuangusha kwenye mapipa ya rangi, na wenzako wa kiwanda ndio waliokuja kuniambia.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Mitumba imejaa mpaka nakaribia kuwa fundi wa kupunguza makoti ya Wazungu waliokufa. Kiwanda chako kimefunga shifti ya usiku. Chumba chako amepanga kijana mwenye kinanda, na akianza kupiga ninakukumbuka kwa upendo mkubwa. Lakini kuna moja nililokosa kukufanyia. Nilikata vitambaa vyeusi vya mkononi, wachezaji wavae mechi ya kwanza ya msimu kwa ajili yako. Walikataa. Kwa adabu, lakini walikataa. Mama Ciku hakuwa na adabu: "Wakavae kiwanda! Si ndio aliwapea kombe?" Nikavirudisha kwenye droo ya vifungo.

Ndipo shemeji yako akaja. Kaka wa mkeo, baharia; meli ilitia nanga Mombasa, akapanda basi ili dada yake apate kuambiwa kaburi liko vipi. Nilimshuku hata yeye. Alikuwa na masharubu kama ya refa. Tulielewana kwa Kiingereza chake cha meli na changu cha kupima viuno. Nikampeleka makaburini, akasoma dua, akachukua udongo kidogo kwenye leso. Tuliporudi dukani nikaamua kumpima. Nikasema, Tofa alikuwa na goli moja kubwa. Kona ilitoka wapi? Akasema kushoto. Alilipiga na nini? Akagusa paji la uso.

Nikauliza, na uwanja ulifanya nini?

Akaweka kikombe chini. Akanitazama sana. Akasema, "Kumbe alikwambia."

Nikasema ndiyo. Sikujua nimekubali nini, lakini unanijua, nikianza kudanganya huwa sirudi. Akasema hajawahi kusikia umemwambia mtu, hata dada yake alilijua kwa wengine. Akashukuru kwamba ulipata mtu wa kumwambia. Akaendelea kusema kama mtu anayezungumza na anayejua, na mimi nikatikisa kichwa, na ndani yangu kila kipande kikaanza kutafuta mwenzake.

Kumbe kweli ulikuwa straika. Hilo kwanza. Alisema watoto walikuwa wanakata nywele kama zako, na sasa najiuliza kipara kile kilitoka wapi. Kumbe ulicheza kwa kijani miaka mingi, kisha weupe wakakuficha wiki ya kusaini na ukatoka kwenye lile pazia ukiwa mweupe. Na siku mlipokutana na kijani, mnaongoza, dakika zimeisha, wakapata kona. Ukaona beki wenu amezidiwa. Ukarudi kusaidia. Hakuna aliyekuita. Ukaruka juu ya watu wote.

Kipa hakuona, kwa sababu alikuwa kipa wenu.

Akasema hata mashabiki wa kijani hawakushangilia mwanzoni. Uwanja mzima ulikuwa haujui umeona nini. Halafu weupe wakajua. Walisema moyo wako bado ni wa kijani, kwamba ulitumwa. Walikutoa uwanjani kwa mlango wa jikoni umefunikwa shuka. Hukugusa mpira tena. Ukaenda kujifunza rangi.

Kwa hivyo hukunidanganya. Mwaka kwa mwaka, kikombe kwa kikombe, ulinisimulia goli lile bila kuongeza chochote. Ulificha tu lango lilikuwa la nani. Na mimi, fundi wa jezi, niliyekamata kijani na weupe kama mpelelezi, sikuwahi kuuliza swali la kwanza ambalo fundi yeyote huuliza: wewe mwenyewe ulikuwa umevaa nini?

Baharia alipoondoka nilifunga duka mchana. Majirani walidhani nimefiwa tena.

Hapa sasa ndipo ulipoacha mzigo wako kwenye bega langu, na nakulaumu. Ningeweza kwenda sokoni, nipande gunia la Mama Ciku, niseme kila kitu. Hukutuuza! Ulimkataza Njoroge kurudi kwa sababu wewe ulirudi! Wangelia, najua, watu hawa hulia upesi. Wangevaa vitambaa. Lakini kuanzia siku hiyo ungekuwa nani hapa Ruiru? Yule Mbengali aliyejifunga. Njoroge angekuigiza kwa wateja na kichwa cha mbuzi. Ulivuka bahari ili usiwe mtu huyo. Jina lako zuri liko mkononi mwangu, na njia pekee ya kulisafisha ni kulitia doa ulilokimbia. Nimeligeuza huku na huku kama kitambaa kisichojulikana upande wa nje.

Jumamosi kiwanda walikuja kucheza hapa kwetu. Siku hizi mimi ndiye ninayesimama kwenye laini, usicheke, hakuna mwingine mwenye mwavuli. Hatujafungana. Mwishoni wakapata kona. Yule mrefu akapanda. Njoroge akaanza kurudi, na watu wote nyuma yangu wanampigia makofi, kimbia baba Ciku, kimbia!

Nikasikia mtu anapiga kelele, "Straika harudi! Njoroge! Straika harudi!" Nilitazama pembeni nione nani. Nilikuwa mimi.

Akasimama pale pale aliposimama Thika. Kimya kikaingia uwanjani, Tofa, kimya ambacho sasa nakijua. Mpira ukaja, yule mrefu akaruka peke yake, na kipa wetu, sijui kwa macho yapi, akaupiga ngumi ukaenda mbali, mpaka kwa Njoroge, peke yake, mbele yake hakuna mtu isipokuwa kipa na nyasi. Akakimbia na ule mwili wa Murera. Tukapiga kelele wote. Akapiga. Ukapita juu, ukaenda zake kwenye mahindi ya watu.

Sare. Ningependa kukuandikia jambo zuri zaidi.

Mama Ciku alikuja mpaka kwenye laini. Hakunifokea. Alinitazama kwa lile jicho aliloweka kwako, la chini juu. "Fundi Rama. Kwani wewe pia? Wewe na kiwanda mko na nini?"

Nikamwambia, "Straika harudi, mama Ciku." Na sikueleza.

Kwa hivyo sasa nashukiwa. Wateja wawili wamepeleka suruali kwa yule fundi wa karibu na stesheni, ambaye hajui kushona mfuko. Jioni nakunywa chai nikitazama nje kama ulivyokuwa unatazama, na nakiri haionekani vibaya kutoka huku; mtu anashinda kimya na mambo yake. Mapenzi yangu na Njoroge yatarudi, anahitaji jezi kubwa zaidi.

Vile vitambaa vyeusi havimo tena kwenye droo. Jezi zililetwa kufuliwa na kutengenezwa kabla ya Jumamosi. Nilifungua kola za zote, nikaweka kipande kimoja ndani ya kila kola, nikashona juu kwa mshono mdogo usioonekana. Walicheza nawe shingoni, kumi na mmoja, na hakuna aliyejua; mmoja tu alisema kola inakwaruza. Nikamwambia avumilie.

Nakuahidi hivi. Goli lako litabaki kama ulivyonipa. Atakayeniuliza nitamwambia kona ilitoka kushoto, uliruka juu ya watu wote, kipa hakuona. Akiuliza uwanja ulifanya nini, nitasema ulinyamaza, kisha nitauliza kama sukari iko. Na kola zile nitazibadilisha kila msimu, maadamu macho bado yanaona tundu la sindano.

Mwavuli wako ninao. Usiulize.

Kaa huko huko mbele, Tofa, ndugu yangu, usimame utakapo na mikono yako ya bluu. Mpira ukija, safari hii usiuruke. Huku nyuma tutakaba wenyewe.

Straika harudi.

Ramadhani, wa cherehani
Gatongora